Mountain Stage na Wenzake: Wapi Mwimbaji wa Gitaa Moja Husikika Vizuri Zaidi

Kwa msikilizaji anayependa kumsikia mwimbaji akiimba wimbo alioutunga mwenyewe, kwa sauti yake halisi na bila kukatizwa na matangazo ya biashara, sijapata huduma inayozishinda redio za umma za Marekani na vipindi vyao vya muziki unaopigwa papo hapo. Miongoni mwa vipindi hivyo, ninachokitanguliza ni Mountain Stage, kinachotayarishwa na shirika la utangazaji la umma la jimbo la West Virginia. Najua jina lake halivumi kama la Tiny Desk, matamasha mafupi yanayopigwa mbele ya meza ya ofisini, ambayo video zake hutazamwa na mamilioni ya watu duniani kote, wala halina mvuto kwa vijana kama kituo cha KEXP cha Seattle. Hata hivyo, nikizipima huduma hizi kwa kipimo kimoja tu, yaani jinsi zinavyomtendea mtu mmoja aliyesimama na gitaa lake mbele ya maikrofoni akiwa na hadithi ya kusimulia, naona kipindi hiki kikongwe ndicho kinachoufahamu wajibu wake vizuri zaidi.

Mountain Stage kilianzishwa na watu watatu: Larry Groce, mwanamuziki mzaliwa wa Dallas aliyehamia West Virginia mwaka 1972, Andy Ridenour, mtayarishaji, na Francis Fisher, fundi mitambo. Kipindi cha majaribio kilirushwa mwaka 1981, na matangazo ya kudumu yakaanza mwishoni mwa mwaka 1983. Groce alikuwa tayari ameonja umaarufu, kwa kuwa mwaka 1976 wimbo wake wa kuchekesha kuhusu mtu anayependa vyakula visivyo na lishe uliingia katika kumi bora za Marekani. Naamini uzoefu huo ulimsaidia sana alipokuwa mtangazaji na mteuzi wa wasanii, maana mtu ambaye taifa zima limewahi kumjua kwa wimbo mmoja hubaki na huruma kwa msanii mwenye nyimbo nyingi nzuri ambazo hakuna anayezijua.

Makao ya kipindi ni ukumbi wa Culture Center mjini Charleston, katika eneo la majengo ya serikali ya jimbo, ukumbi wenye viti visivyofika 500. Charleston ni mji mdogo katikati ya milima ya Appalachia, na mahali hapo pana maana kubwa kwa muziki wenyewe. Ndiko zilikohifadhiwa nyimbo za masimulizi zilizoletwa na wahamiaji kutoka Uskoti na Ireland. Ndiko fidla ilikokutana na banjo, ala ambayo asili yake ni Afrika Magharibi na ambayo ilifika Marekani mikononi mwa Waafrika waliouzwa utumwani. Na ndiko wachimbaji wa makaa ya mawe walikotunga nyimbo za migomo, vifo na madeni. Kipindi hakijifungi katika urithi huo, kwani hualika wasanii wa bluzi, kantri, bluugrasi, roki, jazi na muziki kutoka mabara mengine, lakini urithi huo umekipa sikio la kuthamini maneno kwanza na mapambo baadaye.

Mpangilio wake ni rahisi kueleza na mgumu kuutekeleza. Kipindi huchukua saa mbili, hurekodiwa mbele ya hadhira iliyolipa kiingilio, na kwa kawaida huwa na wageni watano, kila mmoja akipewa nafasi ya kupiga nyimbo kadhaa mfululizo. Anayekuja na bendi yake hupiga na bendi yake. Anayekuja peke yake aweza kupiga peke yake au kusindikizwa na bendi ya kipindi, ambayo miongoni mwa wakongwe wake ni mpiga piano wa jazi Bob Thompson. Mwishoni wasanii wote hurudi jukwaani na kuimba pamoja wimbo mmoja unaofahamika, kila mmoja akichukua ubeti wake. Mseto huo wa wageni ndio unaonifanya nikipende zaidi. Msichana wa miaka ishirini na kitu aliyetoa albamu yake ya kwanza bila kampuni yoyote nyuma yake huweza kusimama jukwaa moja, jioni moja, na mkongwe aliyekuwa akijaza kumbi kabla yeye hajazaliwa. Na kwa kuwa hadhira hukaa saa zote mbili, ile iliyokuja kwa ajili ya mkongwe humsikiliza na msichana huyo kwa utulivu uleule.

Mambo mengine hayaonekani kwenye ratiba, bali husikika. Anayesikiliza redio hana macho ya kumsaidia. Haoni uso wa mwimbaji, mavazi yake, wala vidole vinavyotembea juu ya nyuzi, na kwa hiyo kila kitu lazima kipite masikioni: pumzi inayovutwa kabla ya ubeti, ukucha unaokwaruza uzi, sauti inayopungua kidogo pale neno linapokuwa zito. Mountain Stage hurekodiwa na watu wanaolijua hilo kwa miaka mingi. Sauti ya mwimbaji huwekwa mbele, gitaa kavu husikika kama mti na nyuzi wala si kama umeme, na hadhira huachwa isikike kwa mbali kiasi cha kutosha kumkumbusha msikilizaji kwamba nyimbo hizi zinaimbiwa watu. Mashairi ya wimbo hueleweka hata kwa msikilizaji ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza, na kwangu hilo ni jambo la msingi, kwa sababu mtunzi wa aina hii asipoeleweka maneno yake hana kingine cha kutoa. Katika vipindi vingi vya muziki vya televisheni, mwimbaji wa gitaa moja huzungukwa na taa na kamera zinazokimbia huku na huku kana kwamba wimbo wenyewe unachosha. Hapa wimbo unaaminiwa.

Ushahidi kwamba wasanii wenyewe wanakiamini kipindi hiki uko wazi katika historia yake. Mwaka 1991, kundi la R.E.M. lilipotoa albamu iliyoshika nafasi ya kwanza Marekani, liliamua kutofanya ziara ya kuitangaza. Lakini mwezi Aprili mwaka huo lilikwenda Charleston likapiga Mountain Stage. Kundi lililoweza kujaza viwanja lilichagua ukumbi wa viti visivyofika 500 ili nyimbo zisikike kwa ala tulivu. Townes Van Zandt, mtunzi wa Texas ambaye watunzi wenzake walimheshimu kuliko soko lilivyomheshimu, naye alipita kwenye jukwaa hilo.

Groce aliongoza kipindi tangu mwanzo hadi mwaka 2021, alipokabidhi maikrofoni kwa Kathy Mattea, mwimbaji wa kantri aliyekulia Cross Lanes, karibu kabisa na Charleston. Mabadiliko ya mtangazaji yamewahi kuua vipindi vingi vizuri, na nilikuwa na wasiwasi, lakini uteuzi huu ulikuwa wa busara. Mattea ameshinda Grammy mara mbili, amewahi kuwa mgeni wa kipindi mara nyingi, na mwaka 2008 alitoa albamu nzima ya nyimbo za wachimbaji wa makaa ya mawe, kwa hiyo anapomkaribisha mtunzi wa milimani hamkaribishi kama mtalii. Maneno yake kabla ya kila msanii ni machache na ya joto. Husema msanii anatoka wapi na amefanya nini, kisha huondoka njiani. Tofauti moja kati yake na Groce ni kwamba Mattea huongea kama msanii anayemtambulisha msanii mwenzake, ilhali Groce aliongea kama mwenyeji wa nyumba. Nilimzoea Groce kwa ucheshi wake wa taratibu, lakini siwezi kusema kwamba kipindi kimepungukiwa.

Kasoro zipo, na ya kwanza ni muda. Nyimbo nne au tano zinamtosha msanii mwenye bendi ya watu sita, ambaye wimbo wake wa kwanza unatangaza kila kitu alicho nacho. Hazimtoshi mtunzi wa polepole, yule ambaye wimbo wa tatu ndio unaokufanya uuelewe wa kwanza. Mara nyingi naona mgeni wa namna hiyo anaondoka jukwaani wakati ambapo masikio yangu ndiyo kwanza yamemzoea. Kasoro ya pili ni kwamba wageni huja zaidi wanapokuwa na albamu mpya ya kutangaza, na hivyo nyimbo wanazopiga ni zile mpya, ambazo wakati mwingine hazijakaa vizuri mdomoni mwao, huku wimbo uliokomaa kwa miaka kumi ya kuimbwa safarini ukiachwa nyumbani. Najua kampuni na mameneja ndio wanaosukuma jambo hilo, lakini mtayarishaji mwenye heshima kama hii anaweza kuomba wimbo mmoja wa zamani kutoka kwa kila mgeni, na sidhani kama angekataliwa.

Tiny Desk ya NPR, shirika la taifa la redio za umma, ilizaliwa kutokana na kero ambayo kila mpenzi wa nyimbo tulivu anaifahamu. Mwaka 2008, Bob Boilen, mtangazaji wa kipindi cha muziki cha NPR, na mwenzake Stephen Thompson walikwenda kumsikiliza Laura Gibson, mtunzi kutoka Oregon mwenye sauti ya chini sana, kwenye tamasha la muziki la SXSW huko Austin, Texas, wakashindwa kumsikia kwa sababu ya makelele ya watu baani. Thompson akamwambia Gibson kwa utani kwamba aje aimbe ofisini kwao. Mwezi Aprili mwaka huohuo akaja, akaimba mbele ya meza ya kazi ya Boilen mjini Washington, na mfululizo wote ukaanzia hapo.

Kanuni yake kuu naihesabu kuwa miongoni mwa mawazo bora kabisa katika utangazaji wa muziki wa karne hii: sauti ya mwimbaji haikuzwi kwa spika ndani ya chumba. Maikrofoni ipo kwa ajili ya kurekodi tu. Kwa hiyo wapigaji wote, hata wangekuwa kumi, hulazimika kushusha ala zao mpaka waweze kumsikia mwenzao anayeimba kwa koo lake tupu. Msanii aliyezoea kujificha nyuma ya ngoma na nyuzi za umeme hana pa kujificha, na yule ambaye maisha yake yote ameimba jikoni kwake na gitaa kavu ghafla yuko nyumbani. Ndiyo maana rekodi bora za Tiny Desk, kwa maoni yangu, bado ni za watunzi wa aina ya Gibson. Chumba kinawafaa, ukimya wa wafanyakazi waliosimama nyuma ya kamera unawafaa, hata urefu wa dakika kumi na tano hivi haunisumbui kama ule wa Mountain Stage, kwa sababu hapa msanii hatarajiwi kuishinda hadhira kubwa.

Jambo jingine la kusifiwa ni shindano lake kwa wasanii wasio na mikataba na kampuni za rekodi, ambalo mshindi wake wa kwanza alipatikana mwaka 2015. Yeyote mwenye vigezo anaweza kutuma video akipiga wimbo wake mbele ya meza, na mshindi hupewa nafasi kwenye meza yenyewe. Mshindi wa kwanza, Fantastic Negrito wa Oakland, baadaye alishinda Grammy za albamu bora ya bluzi ya kisasa. Mshindi wa mwaka 2016, Gaelynn Lea wa Duluth, Minnesota, alizaliwa na ugonjwa unaofanya mifupa kuvunjika kwa urahisi, na hupiga fidla akiisimamisha mbele yake mithili ya cello, huku akitumia kifaa cha kurudiarudia sauti kujijengea bendi nzima peke yake. Alikuwa mwalimu wa fidla katika mji wa mbali na vituo vya biashara ya muziki. Baada ya ushindi huo alifanya ziara ndefu nchini na nje, na mwaka 2022 muziki wake ukatumika katika mchezo wa Macbeth kwenye jukwaa la Broadway. Sioni ni kituo gani cha biashara kingemchagua; wimbo wake una mwendo wa taratibu, hauna ngoma, na unazungumzia kifo na upendo bila kumbembeleza msikilizaji.

Lakini kadiri umaarufu wa Tiny Desk unavyoongezeka, ndivyo meza hiyo inavyozidi kukaliwa na nyota ambao hawakuihitaji. Sipingi kualikwa kwa wasanii wa hiphopu, wa jazi au wa nyimbo za Kilatini. Baadhi yao wamefanya mambo ya ajabu kwa kulazimishwa kushusha sauti. Ninachosikitikia ni kwamba nafasi ya msanii ambaye hakuna anayemjua imepungua kulingana na idadi ya watazamaji wanaosubiri jina kubwa lijalo. Zaidi ya hayo, hii sasa ni huduma ya macho kuliko ya masikio. Watu hukumbuka vitu vilivyopangwa kwenye rafu nyuma ya msanii, hukumbuka alivyocheka, hukumbuka kofia yake. Ukifumba macho na kuisikiliza kama redio utagundua kwamba sehemu ya kile ulichokipenda haikuwa kwenye sauti.

Anayetaka kumfahamu mtunzi kwa mazungumzo atafute World Cafe, kinachotayarishwa na WXPN, kituo cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Philadelphia. Kilianza Oktoba 1991 kikiongozwa na David Dye, aliyekaa kwenye kiti hicho hadi mwaka 2017. Akamfuata Talia Schlanger na kisha Raina Douris. Msanii hupiga wimbo, kisha huulizwa uliandikwa vipi, kwa nini ubeti wa pili unamgeukia mtu mwingine, nani alikuwa chumbani ulipoandikwa. Dye alikuwa na kipaji cha kuuliza swali fupi na kunyamaza, kipaji ambacho watangazaji wengi hawana. Udhaifu wa mpango huu ni kwamba maelezo hutangulia mno. Mara nyingi naambiwa wimbo una maana gani kabla sijapata nafasi ya kuusikia, na wimbo mzuri haupendi kutafsiriwa mapema hivyo. Nakitumia zaidi kama hatua ya pili, baada ya kumsikia msanii kwingine.

KEXP, kwenye masafa ya 90.3 huko Seattle, kilianza mwaka 1972 kama kituo cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington kikiitwa KCMU, na kikapata jina lake la sasa mwaka 2001. Tangu mwaka 2016 kina makao mapya katika eneo la Seattle Center, yenye ukumbi wa wazi ambako mpita njia anaweza kuingia, kuketi na kusikiliza. Kwa usafi wa sauti studio yake haina mpinzani ninayemjua, na mtangazaji Cheryl Waters amewahoji wasanii kwa upole na maandalizi mazuri. Moyo wa kituo hicho, hata hivyo, uko kwa bendi za wasanii huru zaidi kuliko kwa mtu mmoja na gitaa. Ala zikiwa nyingi, studio hiyo hung'ara. Ikibaki sauti moja, usafi wake huwa baridi kidogo, na hapo naukosa ule mnong'ono wa watu wa ukumbi wa Charleston.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki atapenda kujua kwamba njia hii imemfikisha mbali na mmoja wetu. J.S. Ondara, mzaliwa wa Nairobi, alihamia Minneapolis mwaka 2013 kwa sababu ya mapenzi yake kwa nyimbo za Bob Dylan, ambaye alikulia jimbo hilohilo la Minnesota. Alikuwa hajui kupiga gitaa alipofika. Alijifunza huko, akaanza kuimba kwenye kumbi ndogo, na The Current, kituo cha muziki cha Redio ya Umma ya Minnesota, kikamfungulia milango ya studio yake. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2019 na kuteuliwa kuwania Grammy ya albamu bora ya Americana, yaani muziki wenye mizizi katika kantri, bluzi na nyimbo za kienyeji za Marekani. Ukimsikiliza akiimba redioni peke yake, sauti yake nyembamba ikipanda juu ya gitaa moja, utaelewa kwa nini mazingira ya aina hii yalimfaa. Kituo kinachohesabu wasikilizaji kwa ajili ya wauza magari kingemwuliza kwanza ngoma iko wapi.

Ubora huu wote unatokana na namna huduma zenyewe zinavyolipiwa. Tangu mwaka 1945, sehemu ya chini ya masafa ya FM nchini Marekani, kati ya 88 na 92, imetengwa kwa vituo visivyo vya biashara, na ndiyo maana WXPN iko 88.5, The Current 89.3, KEXP 90.3 na WFUV ya New York 90.7. Vituo hivyo haviruhusiwi kurusha matangazo ya biashara. Huweza tu kumtaja mfadhili bila kuipigia debe bidhaa yake. Huishi kwa michango ya wasikilizaji, misaada ya taasisi, vyuo vikuu, na kwa muda mrefu ruzuku ya serikali kuu iliyopitia Shirika la Utangazaji wa Umma, CPB, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Mtangazaji asiyelazimika kumrudisha msikilizaji kwenye tangazo kila baada ya dakika kumi anaweza kuuacha wimbo wa dakika saba ufike mwisho wake.

Kuna na suala la mirabaha ambalo wapenzi wengi wa muziki hawalifahamu. Sheria ya Marekani haivilazimishi vituo vya FM na AM kumlipa mwimbaji wimbo wake unaporushwa hewani. Anayelipwa ni mtunzi, kupitia vyama kama ASCAP na BMI. Mwimbaji maarufu anayeimba nyimbo za wengine hapati chochote kutoka kwenye matangazo hayo, ilhali mtunzi asiyejulikana anayeimba wimbo wake ana haki ya senti zake. Ni fedha kidogo, lakini ni mojawapo ya sababu kwamba redio ya umma na mtunzi anayejitegemea wamefaana kwa muda mrefu. Na ilikuwa CPB iliyojadiliana na vyama hivyo kwa niaba ya vituo vyote vya umma, vikubwa kwa vidogo.

Mwezi Julai 2025 bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimekwisha kutengwa kwa ajili ya CPB kwa miaka miwili, na mwezi uliofuata shirika hilo likatangaza kwamba linafunga shughuli zake. Vituo vya miji mikubwa vyenye wasikilizaji matajiri vitajikongoja. Ninachokihofia ni kituo cha jimbo maskini la milimani. West Virginia ilikwisha kuonja hatari hiyo mwaka 2017, gavana Jim Justice alipopendekeza kuondoa fedha zote za jimbo kwa shirika lake la utangazaji, pendekezo lililozua upinzani mkubwa kiasi kwamba shirika likanusurika. Mountain Stage husikika kupitia vituo zaidi ya 200 nchini Marekani, na mzigo wa kukitayarisha umebebwa na jimbo lenye watu wasiofika milioni mbili. Nalitaja hili katika tathmini ya huduma kwa sababu linamhusu mtumiaji: kipindi cha saa mbili chenye wasanii watano, bendi, mafundi na ukumbi ni ghali kukitengeneza, na kituo kinapobana matumizi ni rahisi sana kuweka rekodi zilizokwisha tengenezwa badala ya watu hai jukwaani.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni huu. Vipindi vya Mountain Stage hupatikana kama podikasti na kupitia mitandao ya vituo vinavyokirusha, kwa hiyo kuwa nje ya Marekani si kikwazo. Chagua kipindi ambacho humjui mgeni hata mmoja, ukisikilize chote kwa mpangilio wake, kwa sababu mpangilio huo umefikiriwa: mara nyingi mtulivu huwekwa baada ya mwenye kelele ili ukimya wake upate nafasi. Msanii akikugusa, mtafute Tiny Desk uuone uso wake, kisha World Cafe usikie alivyoandika. Ukifuata njia hiyo kinyume, ukianza na video, utawakosa wengi ambao nyuso zao hazijawahi kualikwa Washington.

Na kama watayarishaji wa Charleston wangenisikiliza kwa jambo moja, ningewaomba wapunguze wageni kutoka watano hadi wanne katika baadhi ya vipindi, na muda utakaobaki wampe yule aliyekuja peke yake na gitaa, aimbe nyimbo mbili zaidi, mojawapo ikiwa ya zamani.